Mwisho Wenye Herufi R: Maisha ya Marehemu Bodil Kirstine Ravnholt

Mchungaji wetu, wafiwa, majirani wa Valby, na ninyi mliopanda treni tangu asubuhi kutoka Korsør na Svendborg, familia imemteua Holger, mkwe wa marehemu, mtumishi wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, asome historia hii, si kwa kuwa anasoma vizuri, bali kwa kuwa amezoea kufikisha barua ambazo hakuziandika yeye, na mkimwona akigusa mfuko wa koti lake kila baada ya muda msidhani ni moyo unamsumbua, ni bahasha, ambayo hadi dakika hii hakuna aliyeifungua, nayo itaelezwa mahali pake.

Marehemu Bodil Kirstine alizaliwa tarehe 14 Februari 1891 mjini Korsør, akiwa mtoto wa pili na binti pekee wa Mzee Jens Peter Tolstrup, mkaguzi wa mizigo katika kivuko cha mlango-bahari wa Storebælt, na mkewe Mama Ane. Mzee Tolstrup alikuwa mtu anayezijua kanuni zote za kivuko kwa kichwa, pamoja na zile zilizokwisha kufutwa, ambazo aliendelea kuziheshimu kama watu wanavyowaheshimu wahenga, na inasemekana siku ya uzazi aliitazama saa kwanza ndipo akamtazama mtoto, maana saa ingesogea na mtoto asingekwenda popote.

Alisoma shule ya mji huohuo kuanzia mwaka 1898 hadi 1905, akapata kipaimara tarehe 9 Aprili 1905, na cheti chake cha mwisho, ambacho familia bado inacho, kina maneno ya mwalimu mkuu yasemayo, "Hati ya mkono nzuri sana, wasiwasi mwingi mno," na waliomfahamu miaka hamsini baadaye watakubali kwamba mwalimu yule angeweza kuishia hapo na historia yote ikawa imekamilika. Alikuwa mtoto wa kurudi njiani kuhakikisha mlango umefungwa, akiukuta umefungwa anarudi tena kuhakikisha kwamba hakuufungua alipokuwa akiuhakikisha.

Hati hiyo nzuri ndiyo iliyompatia kazi. Tarehe 1 Septemba 1909 aliajiriwa hapa Valby na Kampuni ya Filamu ya Svalen, katika chumba cha kuungia filamu, ambako wanawake kumi na mmoja waliketi mbele ya madirisha wakikata mikanda kwa mkasi, wakiikwangua, wakiipaka gundi yenye harufu ya mapeasi mabivu na kuibana hadi ishike, na Bodil, pamoja na kuunga, akapewa chaki nyekundu ya kuandikia masanduku. Zilikuwa filamu za enzi ile, zisizo na sauti, na watu walizipenda zenye jinai na majonzi, mke anayesingiziwa, karani anayekimbia, sumu, barua iliyochelewa, askari nyuma ya pazia, na vijana waliopo hapa wasicheke, maana bibi zao walilia mpaka leso zikakosekana madukani.

Sasa ni lazima lielezwe jambo moja la kazi ile, kwa kuwa bila hilo mtu hataelewa maisha ya marehemu wala bahasha. Kila filamu ya Svalen ilikuwa na miisho miwili. Ulipigwa mmoja kwa ajili yetu na majirani zetu, ambamo mgonjwa anapona, askari anachana hati ya kukamata, na mke anakimbia gatini kumkumbatia mumewe, kisha siku ya pili waigizaji walewale wakarudishwa gatini palepale kupigwa mwisho wa Urusi, kwa sababu wakala wetu wa Petersburg aliandika kwamba wateja wake hawalipii kiti ili waone watu wakipona, wanapona wangapi nyumbani, wao wanataka mume aingie baharini na koti lake na kofia ibaki ikielea. Sanduku la Urusi liliandikwa R, kama Urusi inavyoanza kwa lugha yetu, na kwa miaka minne haikuwahi kutokea kofia ikaelea mahali isipotakiwa.

Lakini kiangazi cha mwaka 1913 filamu zote zilianza kupelekwa kwa wakaguzi wa serikali, na wakaguzi nao hawakuajiriwa ili wakae bure. Filamu yetu ya vuli ile, iliyoitwa *Chupa Mbili*, kisa cha msaidizi wa duka la dawa anayebadilisha lebo kwa bahati mbaya na kushukiwa uuaji, ilirudishwa na amri ya kuondoa mita mbili na nusu za askari anayesinzia kituoni, kwa hoja kwamba askari wa Denmark hasinzii. Askari aliondolewa, na Mkurugenzi Lauritz Hvidkjær, mtu wa utaratibu, akatoa agizo kwamba tangu siku hiyo kila sanduku lililokwisha sahihishwa liandikwe R, kwa kuwa "imesahihishwa" nayo, kwa lugha yetu, huanza na R. Marehemu alinyoosha mkono akauliza, "Bwana Mkurugenzi, na R ya Urusi je?" naye akajibiwa, "Bi Tolstrup, Urusi iko mbali," jibu ambalo kijiografia halikuwa na kasoro.

Alhamisi tarehe 6 Novemba 1913, saa nne asubuhi, iliingia telegramu kutoka Svendborg, kwa Mama Petrine Gammelgaard, mjane mwenye sinema, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza maneno hata yasipolipiwa, ikisema: KITABUNI ANAPONA KWENYE PICHA ANAZAMA. WATU WANADAI. MSAIDIZI WA DUKA LA DAWA HAPA KATOKA KABLA YA TAA HAJARUDI KWAKE. LETENI MWISHO WENU. Kitabu alichokitaja ni kile kijitabu cha kisa walichokuwa wakiuziwa watazamaji mlangoni, na msaidizi wa duka la dawa hakuwa wa kwenye filamu, alikuwa wa kweli, Aksel Ravnholt, miaka ishirini na minne, ambaye Jumatatu ya juma hilohilo alibandika lebo ya dawa ya kikohozi kwenye chupa ya dawa ya kuchua magoti, na Bibi Sørine Kaas, mjane wa miaka sabini na mmoja, akainywa vijiko vitatu, akawa amelala hospitali bila kufumbua macho. Mji mzima ulilijua jambo hilo, na mji mzima, kwa wema wao, ulimwambia Aksel, "Nenda kaone picha ya Mama Gammelgaard, ni kisa chako kabisa, na kinaisha vizuri, kitabu kinasema." Jumatano akaenda, akakaa, akaona kofia ikielea.

Marehemu aliposikia telegramu ikisomwa alikwenda kwenye rafu ya Urusi, akafungua sanduku lililobaki, akakuta limo gati na mke anayekimbia, na R mbele yake ilikuwa hati yake mwenyewe, nzuri sana. Alimfuata Mkurugenzi, naye akasema pasipo kuinua kalamu, "Mwisho sahihi utaondoka na treni ya mizigo Jumanne, kwa utaratibu."

"Mtu hangoji Jumanne, Bwana Mkurugenzi."

"Mtu huyo ni wa Svendborg, Bi Tolstrup, si wa kampuni."

Marehemu alirudi chumba cha kuungia. Alikata mwisho ule, mita sitini, kama dakika tatu hivi za furaha, akaukunja ndani ya bati la keki walilokuwa wakiwekea biskuti za chai, na Ijumaa asubuhi tarehe 7 akapanda treni ya Korsør, jambo ambalo lilikuwa kinyume cha kanuni nne tofauti, maana filamu za siku zile zilishika moto kama petroli, hazikuruhusiwa kwenye behewa la abiria, na ukizimwagia maji zinaendelea kuwaka kana kwamba hujafanya kitu. Behewa lilijaa. Kando yake aliketi mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye sigara nene iliyokuwa ikidondosha majivu kila treni ilipopinda, akamtazama, akamwambia, "Binti, umekumbatia hilo bati kama kichanga, kuna nini humo?"

"Keki."

"Basi tukate, safari ndefu."

"Ni ya msiba."

Mfanyabiashara akavua kofia kwa heshima, ila sigara hakuitoa, na marehemu, ambaye hakuwahi kusema uongo tangu kipaimara, akakaa hadi Korsør akijuta si uongo bali neno lenyewe alilolichagua, akiona kama kwamba ameshalitamka na huko Svendborg wameshalisikia, akawa anahesabu vituo, na kila kituo anagusa bati kuona kama limepata joto.

Pale Korsør, kwenye lango la kivuko, alisimama baba yake, kama alivyosimama siku zote za Mungu tangu mwaka 1884.

"Umebeba nini?"

"Keki, baba."

Mzee Tolstrup akalichukua bati, akalipima kwa mkono, akalileta puani, na hapo ikumbukwe kwamba kila Krismasi kwa miaka minne binti yake alirudi nyumbani na mikono inayonuka gundi ileile.

"Keki gani?"

"Ya mapeasi."

Abiria nyuma walianza kunung'unika. Marehemu alingoja, akijua kuwa baba yake aliwahi kumshusha askofu kwa ajili ya kopo la rangi, kisha akamwona akifungua daftari na kuandika kwa hati yake ya mshazari, *Keki ya mapeasi, moja, isikaribie moto*, akagonga muhuri, akamkabidhi msaidizi wake lango, akapanda kivuko yeye mwenyewe. Saa nzima na robo ya safari ile, katika upepo wa Novemba, alisimama sitahani mbele ya binti yake na bati lake, na kila mwenye kiko aliyesogea aliambiwa kwamba upande huu hauvutwi tumbaku kwa mujibu wa kanuni namba hamsini na saba. Kanuni za kivuko ziliishia hamsini na sita. Hiyo ndiyo kanuni pekee Mzee Tolstrup aliyoitunga maishani, na alipoulizwa uzeeni alisema bado anaona ilikuwa na maneno mazuri.

Marehemu alifika Svendborg Ijumaa jioni, na Aksel Ravnholt alikuwa bado hajaonekana. Mama Gammelgaard alibandika tangazo kwenye mlango wa sinema, wa kanisa, wa hospitali na wa gati, *Mwisho wa kweli, Jumamosi saa nane, saa tisa na saa kumi, bure*, na Jumamosi tarehe 8 watu wakajaa, wakatazama dakika tatu, mke akakimbia gatini, wakapiga makofi, wakatoka, wakaingia wengine. Marehemu alisimama mlangoni akiwatazama nyuso, asimjue anayemtafuta, akawa anauliza kwa kunong'ona, "Ni yule?"

"Yule mwokaji wa mikate."

"Yule mrefu?"

"Yule askari. Mtazame, hasinzii."

"Na yule, Mama Gammelgaard?"

"Mwanangu, yule ni mwanamke. Tulia."

Hapo ndipo familia inapoanza kutembea kwa uangalifu. Kisa jinsi kilivyosimuliwa nyumbani kwetu, kila mwaka mkesha wa Mortens, yaani Mtakatifu Martin, tukila bata, ni kwamba katika onyesho la tatu Aksel aliingia akitokea hospitali, ambako alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Bibi Sørine tangu Jumatano usiku, pasipo mtu kufikiri kumtafuta huko, akaleta habari kwamba bibi amefumbua macho na anadai uji wa mkate mweusi, marehemu akamwomba radhi kwa herufi yake, naye akacheka. Bibi Sørine alipona kweli, hilo halina ubishi, bata huyo alikuwa wake, alituma mmoja kila mwaka hadi alipofariki mwaka 1923 kwa sababu nyingine kabisa.

Walifunga ndoa tarehe 24 Aprili 1915, Svendborg, wakahamia Valby, na Aksel, ambaye hakutaka tena kumpa mtu kitu cha kunywa, aliajiriwa na Svalen katika chumba cha rangi, akichanganya buluu ya usiku, nyekundu ya moto na manjano ya taa za nyumbani, na kila chupa aliiandika mara mbili, kisha akamwita mkewe aisome kwa sauti. Bibi harusi alikuja na mashuka kumi na mawili, vijiko vya mama yake, na mawe saba ya kijivu, laini, ukubwa wa yai, aliyosema ni ya bustanini kwao Korsør, na ambayo tangu mwaka huo yamekandamiza matango ya siki katika jiko lake, matango mliyoyala wote humu. Mzee Tolstrup alipoulizwa kuhusu mawe hayo alisema bustani yake haikuwahi kuwa na mawe, ilikuwa na viazi, lakini mzee alishazeeka, hakuna aliyeandika.

Walijaliwa watoto wawili, Gudrun, tarehe 3 Mei 1916, ambaye ni mke wa msomaji, na Torkild, tarehe 19 Oktoba 1919, baharia, kazi ambayo baba yake aliipokea kwa kutosema neno siku tatu. Aksel alikuwa baba mpole, mcheshi, aliyeamini kwamba mwisho wa Urusi ulipigwa picha vizuri zaidi kuliko wetu na asiyeogopa kusema hivyo mezani, ila hakuwahi kuwapeleka watoto gatini, na kila tarehe 8 Novemba hakumaliza chakula chake, na marehemu, siku hiyo, alikuwa akimfuata kwa macho toka chumba hadi chumba, kama mtu anayesubiri maziwa yasichemke yakamwagika.

Mwaka 1930 filamu zenye sauti ziliifunga Svalen, marehemu akasema, "Sasa wakikosea watakosea kwa kelele," akaenda kiwanda cha jamu, idara ya lebo, akafanya kazi huko toka tarehe 2 Februari 1931 hadi alipostaafu mwaka 1956, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna mtu katika ufalme huu aliyefungua chupa yake ya stroberi akakuta zambarau. Aksel alifariki tarehe 2 Desemba 1947, na siku ya maziko alikuja Mama Gammelgaard, akiwa na miaka themanini na sita, akamaliza kahawa yake, akamshika Gudrun mkono akasema, "Baba yako amezikwa mara moja tu, mshukuruni mama yenu," akaomba koti lake, akaenda kuwahi treni, na hakueleza.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwaka 1959 kwa ugonjwa wa moyo, akalazwa tarehe 16 Januari mwaka huu, na katika wodi ile kila muuguzi aliyefika na chupa aliombwa asome lebo kwa sauti, na mmoja aliposema, "Bibi, ni maji," alijibiwa, "Soma, mwanangu, yana jina," akasoma, wakaendelea vizuri. Alifariki Jumanne tarehe 7 Machi 1961, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini na majuma matatu, binti yake akiwa kando ya kitanda chake na mwanawe akiwa ngazini.

Jioni hiyo, katika lile bati la keki, familia ilikuta karatasi za historia hii, ameziandika mwenyewe hadi kufikia mlango wa sinema ya Svendborg, na chini yake bahasha mbili zilizofungwa kwa gundi. Ya kwanza imeandikwa *Mwisho*. Ya pili imeandikwa *Mwisho*, kisha R, kwa chaki nyekundu. Na kikaratasi kinasema, *Someni mmoja tu, mwingine niondoke nao.*

Tangu Jumanne, ndugu waombolezaji, nyumba ile haijalala vizuri. Kwenye meza ya jikoni Gudrun alisema, "R ni Urusi, Torkild, usijifanye hujui. Mama anatuonya tusiuguse," na Torkild akasema, "Angetaka tusiuguse angeuchoma, karatasi zake nyingine zote alizichoma. R ni imesahihishwa. Anatuambia huu ndio wenyewe."

"Na kama baba alifanya jambo?"

"Jambo gani?"

"Unalijua. Sote wawili tunalijua, tangu Mama Gammelgaard."

"Basi kama tunalijua tunaogopa nini?"

"Kulisikia mbele ya majirani."

Mchungaji aliulizwa, akasema kwa unyenyekevu kwamba kanisa halina msimamo juu ya herufi R. Msomaji, kwa tabia ya kazi yake, aliipigia simu ofisi ya serikali kuuliza herufi hiyo ilimaanisha nini katika sanduku la filamu mwaka 1913, akaombwa awasilishe swali kwa maandishi, nakala mbili, na jibu litatoka ndani ya majuma sita. Kwa hiyo uamuzi ulibaki jikoni, na umefanywa leo saa moja asubuhi na Gudrun, akiwa amevaa kofia tayari, kwa maneno haya, "Soma R. Kama ni Urusi, tutalia, watu wamekuja msibani, hawakuja harusini." Bahasha isiyo na herufi imelazwa chini ya mikono ya marehemu, haikufunguliwa, naye anakwenda nayo kama alivyoagiza.

Hii ndiyo nyingine. Gundi bado inanuka mapeasi. Anaandika hivi:

*"Aksel hakuwa hospitali. Alikuwa gatini tangu Jumatano, analala kwenye kibanda cha nyavu, na Jumamosi aliingia sinema kwa kuwa tangazo lilisema bure na nje kulikuwa na baridi. Aliketi nyuma kabisa. Mwisho ulipokwisha watu wote walitoka, yeye hakuinuka, na Mama Gammelgaard akanisukuma kidogo mgongoni. Nilimwendea, nikamwambia kosa lilikuwa langu, herufi moja tu, nilikosea sanduku. Akanitazama sana. Akasema, 'Na mimi nilikosea chupa.' Kisha akaanza kutoa mawe mfukoni, moja moja, akiyapanga kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, nami nikiyahesabu. Yalikuwa saba. Akaniomba nimwekee, kwa kuwa koti lilikuwa la kuazima na mifuko imeanza kuchanika. Tukaenda hospitali pamoja, na bibi alikuwa amekaa kitandani anagombana juu ya uji. Sehemu hiyo niliwaambia kweli. Nimekaa miaka thelathini na minne nikiyatazama kila asubuhi kama bado ni saba, na alipofariki yeye nikaendelea. Mnayajua. Yako juu ya matango."*

Familia iliandaa sentensi mbili za kufuatia hapa, moja ya kila mwisho, na msomaji anaona kwamba hakuna hata moja inayofaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, hasa wote waliosoma lebo kwa sauti, inawashukuru majirani wa mtaa huu kwa kuni, kahawa na viti, na wafanyakazi wenzake, wale wa kiwandani na wale watatu waliobaki wa chumba cha kuungia, walioketi pale dirishani kama zamani. Baada ya maziko mnakaribishwa nyumbani. Matango yaliyoko jikoni aliyatia siki mwenyewe mwezi Agosti, hayajaguswa, na Gudrun ndiye atakayeyaondoa mawe, na atayahesabu.

Pumzika kwa amani, Bodil. Sanduku ni lenyewe.